Ramani ya Mwezi

Mama yetu hakutaka sura za watu ndani ya nyumba. Alisema mwenye kuchora uso ataambiwa Siku ya Hukumu autie roho, na atashindwa. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume, ambaye riziki yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka hapa Nyamirambo, Kigali, alijifunza kuchora watu kwa nyuma. Kinyozi akitaka mitindo ya nywele alichorewa visogo vinne. Mwenye mgahawa akitaka mtu anayekula alichorewa mkono na sahani. Watu walizoea, wakadhani ndiyo mtindo wake.

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka sita. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, nikishona barazani. Baba, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Ujiji, alikuwa ameshafariki. Tulibaki watatu: mama, mimi na huyo mdogo wangu.

Mwaka 1990, miezi kadhaa kabla ya vita, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea kitambaa nimshonee gauni. Alikuwa amepanga chumba kule Rebero, akateremka kilima na kupanda kingine kwa sababu alisikia kwamba mikono ninayoshona haibani kwapani. Alimkuta mdogo wangu uani anapaka bango la duka la chumvi na sukari. Alisimama akaitazama ile rangi ya bluu, kisha akamuuliza ameipata wapi. Mdogo wangu akamwambia amechanganya rangi ya kopo na bluu ya kufulia.

"Niko na picha iko na langi kama hii," mwalimu alisema.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, "iko" kila mahali, na rangi kila siku aliiita langi. Sisi tuliozaliwa na lugha hiyo tulikuwa tunamcheka. Baadaye nilikuja kumsikia mdogo wangu naye anasema langi, akiwa peke yake, anachanganya.

Jumamosi iliyofuata alikuja na gazeti la Kifaransa la zamani, lililokwisha kupoteza jalada, ambalo shule ilitaka kulitupa. Mlikuwa na habari za watu waliosafiri hadi mwezini, na picha kurasa kwa kurasa: watu katika mavazi meupe yaliyovimba, nyayo zao kwenye vumbi, na katikati ya gazeti dunia yetu inavyoonekana kutoka kule, duara la bluu na nyeupe limezungukwa na weusi. Alitusomea, akatufasiria. Mdogo wangu hakuuliza chombo kilirukaje wala watu walikula nini. Aliuliza weusi ule ulikuwa wa namna gani, wa mkaa au wa kaniki. Mwalimu alitafuta jibu kwenye maandishi, hakulipata.

Mama aliletewa gazeti kwenye mkeka wake. Alitazama wale wasafiri mmoja mmoja, akaona wote wamevaa kofia za kioo na hakuna hata mmoja anayeonekana uso.

"Hawa unaweza," alimwambia mwanawe.

Ndivyo alivyoanza. Tatizo lake la kwanza lilikuwa huo weusi. Rangi nyeusi ya kopo ilikauka ikang'aa, na yeye alisema kitu kinachong'aa kina mwisho wake, jicho linakigonga na kurudi. Alikwangua masizi kwenye chemni za taa na kwenye matako ya masufuria, akayakoroga na petroli na gundi ya seremala, mpaka akapata weusi uliofifia kama mlango wa chumba kisicho na mtu. Sufuria zetu hazijawahi kuwa safi kama mwaka ule.

Mwalimu alikuja kila Jumamosi. Gauni ambalo lingejaribiwa mara mbili lilijaribiwa mara tano, na mimi nikaelewa, nikawa napunguza na kuongeza kiunoni bila sababu. Wao walikaa uani na gazeti. Siku moja alimsomea kwamba baadhi ya wasafiri wale waliporudi walilalamika, wakasema kamera hazikuchukua rangi walizoziona, na kwamba wako waliojaribu kuzichora kwa mkono, hawakuridhika. Mdogo wangu aliweka brashi chini.

"Waliofika hawajui kuchora," alisema, "na sisi tunaojua hatutafika."

Mwalimu alisema labda ndiyo maana Mungu aliumba watu wanaosoma magazeti kwa sauti.

Shule zilipofunguliwa Septemba, alimwomba amchoree kitu cha kufundishia. Mdogo wangu aligundisha karatasi nne za sukari kwa uji wa mhogo, akachora mwezi mzima. Mashimo yote ya mwezi aliyaweka, na kila shimo akalipa namba, ili mwalimu aweze kuwauliza watoto. Pembeni akachora dunia, na kutoka duniani akavuta mstari wa safari: unatoka, unazunguka mwezi, unarudi, una mishale, una vitone pale chombo kilipoachana na chombo chenzake. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Paa la darasa lilikuwa linavuja, kwa hiyo mwalimu aliitundika chumbani kwake Rebero, akawa anaibeba siku za somo na kuirudisha.

Oktoba vita vilianza mpakani. Siku chache baadaye risasi zilisikika mjini, na kulipokucha askari wakapita nyumba kwa nyumba. Kitambulisho cha mwalimu kilikuwa na lile neno la kabila ambalo siku zile lilitosha kumfikisha mtu pabaya. Lakini mwenye nyumba wake, aliyekuja kutuletea habari, alituambia kwamba majirani wengine wenye neno hilo walipekuliwa, wakapigwa na kuachwa. Yeye alichukuliwa kwa sababu ya ramani.

Ukisimama Rebero unauona mji wote. Na hapo, ukutani kwa mwalimu wa kike anayeishi peke yake, palichorwa miduara yenye namba, mistari na mishale. Walimuuliza hiki ni kilima gani. Akasema ni mwezi. Wakampiga kofi la sikio wakidhani anawadhihaki. Wakamuuliza namba kumi na nne ni wapi. Akawaambia ni shimo tu, halina mtu. Waliikunja ramani vizuri, wakaifunga kamba, wakampakia yeye na ramani yake kwenye gari moja.

Mdogo wangu alilichukua lile gazeti akaenda kueleza. Alipanga foleni nje ya ofisi siku tatu, kati ya watu waliokuwa wanatafuta watu wao, kabla hajaitwa ndani. Alinisimulia kwamba ofisa alifungua kurasa taratibu, akafika kwenye picha ya dunia, akaitazama sana, na yeye akaona ameeleweka. Kisha ofisa akamuuliza kwa nini mtu asiye na la kuficha ahesabu mashimo. Akamwambia aende zake. Gazeti ofisa akabaki nalo.

Alirudi nyumbani, akaosha brashi zake zote kwa petroli, akazikausha, akazitia kwenye kopo na kulifunika. Miezi yote iliyofuata aliandika herufi tu: majina ya maduka, bei za unga, "leo hatukopeshi". Picha hakuchora. Alikula peke yake jikoni. Mara moja tu alinisemesha kuhusu jambo lile, siku niliyomkuta ameketi na sahani iliyopoa.

"Dada," alisema, "kama ningechora maua."

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeanza, walimwachia mwalimu. Chumba chake cha Rebero kilikuwa kimepewa mtu mwingine, na ndugu zake walikuwa mbali upande wa kusini, kwa hiyo alikuja kwetu moja kwa moja. Lile gauni nililomshonea lingewaenea wawili kama yeye. Mama aliwasha moto. Alichemsha maji, akamwogesha kwa mikono yake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe.

Mdogo wangu alisimama mlangoni, akasema, "Nisamehe." Mgeni wetu hakugeuka. Akasema tena, bado hakugeuka, na niliona uso wa mdogo wangu unavyobadilika. Mimi nilikuwa nimemsaidia mama kumwosha kichwa, nikajua. Nikamwambia apite upande wa pili wa kitanda, kwa sababu sikio la kushoto halisikii tena.

Alizunguka, akasema mara ya tatu.

"Ramani haikunipiga," alimjibu. "Walionipiga iko na mikono."

Kisha, siku zilivyokwenda, alitusimulia. Humo walimowekwa wanawake walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, na wakati haukwenda. Wakamuuliza amekosa nini. Akawaambia: mwezi. Walicheka, wakataka kujua, na yeye akawa anawasimulia ile safari, kipande kila siku, kama alivyoisoma kwenye gazeti na kama alivyoiona kwenye mishale ya mdogo wangu. Sehemu ya kufika na kutembea kule haikuwashika sana. Waliyoitaka, na waliyomwomba airudie mpaka akachoka, ilikuwa ile ya kurudi: jinsi chombo kinavyowashwa, jinsi kinavyoupata mlango wa dunia, jinsi watu wanavyofunguliwa na kushikwa mkono. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akimwambia asizidishe haraka pale kwenye kufunguliwa.

Yeye na mdogo wangu walioana kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu alibaki Mkristo, na mama, aliyekuwa ametarajia vingine, akakubali. Mimi nikapata wifi. Alirudishwa shuleni, akawa anakaa mbele kabisa ya darasa na kuwaambia watoto waseme upande wake wa kulia.

Ni wifi aliyemfungulia mumewe lile kopo la brashi. Kinyozi wa jirani yetu alikuwa amepanua kibanda chake, anataka ukuta wote wa mbele uchorwe kitu ambacho hakuna kinyozi mwingine Kigali anacho. Wifi alimwambia, mwambie mchoraji akuchoree msafiri wa mwezini. Kinyozi akapenda. Mdogo wangu alikataa, akasema hana gazeti, hawezi kukumbuka mikunjo ya vazi. Kumbe hilo lilikuwa na dawa. Nilinunua merikani, nikashona vazi zima, mikono, miguu na shingo ya duara, nikalitia ndani pamba ya godoro kuukuu ili livimbe. Kinyozi alikuwa na pikipiki, akatuazima helmeti yenye kioo. Wifi akalivaa, akasimama uani kwenye jua la saa tano, mkono mmoja umeinuliwa.

Alisimama hivyo siku nne, asubuhi kwa asubuhi, jasho linamchuruzika mpaka viatuni. Mama alimcheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba afe. Mdogo wangu alichora mikunjo. Kwenye kioo cha helmeti alichora alichokiona humo, yaani ua wetu: kamba ya nguo, mlango wa jiko, mimi na cherehani, na mama kwenye mkeka, mdogo kama punje ya dengu. Alipomaliza ukuta wa kinyozi, watu walikuja hadi kutoka Gikondo kuuona. Walisema ni mwanamume wa Kizungu aliyefika mwezini. Sisi tulijua ni nani. Mama alitembea kwa fimbo kwenda kujiona, akaona hana uso, akaridhika.

Mdogo wangu alimchora mkewe tena mara nyingi mwaka ule na uliofuata, kwenye mbao na kwenye milango, mara amekaa, mara anatembea, siku zote ndani ya lile vazi. Naamini ilikuwa miaka yao mizuri. Nasema naamini, kwa sababu nje ya ua mambo yalikuwa yanaharibika. Watu walikuwa wanajuana kwa redio wanayosikiliza. Kinyozi aliacha kunyoa baadhi ya watu, na siku hizo jioni alikuwa anakwenda mikutanoni na kofia ya chama.

Aprili 1994 ilipofika, ndege ya rais ilipoangushwa usiku na mauaji kuanza, tulimpandisha wifi darini kulipokucha tu. Sitasimulia ya mtaa. Yamesimuliwa na walioyaona zaidi yangu. Nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu zilificha watu, na nyingine hazikuficha. Nyumba yetu ilikuwa na dari ya mbao juu ya chumba cha mama, na tundu la kupandia lililofunikwa na kabati. Juu ya mbao mlikuwa na nafasi ya mtu kulala na kugeuka, si kuketi. Watu wakisikia habari za mdogo wangu na uchoraji wake huniuliza kama wifi aliona nyota kwenye matundu ya misumari. Hapana. Aliona joto la mabati na panya.

Alikuwa na kikohozi tangu gerezani. Kwa hiyo nilihamisha cherehani kutoka barazani hadi chumbani, chini yake, na kila alipokohoa nilikanyaga pedeli. Nilishona bila uzi, kipande kile kile cha kitambaa, mpaka kikawa matundu matupu. Wapita njia walidhani nina kazi nyingi.

Wiki ya tatu kinyozi alikuja. Walikuwa wameweka kizuizi cha kukagua vitambulisho kwenye njia ya chini, na yeye alikuwa mmoja wa wenye kizuizi. Alisimama uani kwetu, panga limefungwa kiunoni kwa mpira wa baiskeli. Aliamkiana na mama kwa heshima, kama zamani. Kisha akamwuliza mdogo wangu mkewe yuko wapi.

"Alikwenda kwao kabla ya Pasaka," mdogo wangu alijibu.

Kinyozi alitazama viatu vyake. Mimi sikuwa nakanyaga pedeli, na nilimwomba Mungu kikohozi kisije.

"Sawa," alisema. "Kule kwetu barabarani tunataka kibao. Watu iko wanakuja mpaka karibu, wanasema hawakujua. Wewe ndiyo unajua kuandika. Kesho nakuja kuchukua."

 Akaondoka. Mpaka leo sijui kama alijua wifi yuko juu, na kama alijua, kama kibao kile kilikuwa bei au huruma. Alikuwa amemwazima helmeti yake.

Neno walilolitaka lilikuwa moja, la Kinyarwanda, *hagarara*, simama. Mdogo wangu aliuleta ubao chumbani kwa mama badala ya uani, akaulaza sakafuni, akakaa mbele yake mpaka jua likahama dirishani. Alishika brashi, akaiweka. Mama alikuwa anavuta tasbihi. Harufu ya rangi ilipanda darini, na tukasikia sauti ya wifi kwenye ufa wa mbao.

"Unaandika nini?"

Alimwambia ni bango la duka. Wifi akauliza tena, na safari hii mumewe akamwambia kweli: neno gani, la wapi, na nani amelitaka.

 Mimi nilidhani analia.

"Basi andika kubwa," alisema. "Langi nyekundu, chini nyeupe. Mtu aione iko mbali bado, aweze kugeuka."

Aliandika hivyo. Herufi zilijaza ubao kutoka ukingo hadi ukingo, zimenyooka, zimepigiwa kivuli upande mmoja, kwa sababu mkono wake haukujua kuandika vibaya. Sijaona kibao kilichoandikwa vizuri kama kile. Kinyozi alipokuja kukichukua alikisifu. Kilikaa pale barabarani tangu mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Julai. Kama yuko mtu aliyekiona kutoka mbali akageuka, hatukupata kumjua. Waliokifikia tuliwasikia.

Mwisho wa Mei wifi alipata homa, kisha akaanza kuharisha. Zahanati zilikuwa zimefungwa, na hata zingekuwa wazi nani angemteremsha. Mama alikamua majani aliyoyajua, mimi nikampandishia uji wa mchele kwa kikombe. Siku tano. Siku ya sita hakukohoa tena, na mimi, mguu wangu ukiwa juu ya pedeli unasubiri, nilijua kabla mdogo wangu hajapanda kutazama. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri.

Tulimzika uani, chini ya kamba ya nguo, asubuhi mapema kabla mtaa haujaamka, kwa jembe na sufuria. Mama alimwosha, akaulizia maombi gani yanamfaa. Alisoma ya kwetu, kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia mwanawe asome ya kwao. Mdogo wangu alijua sala moja tu, ile ya Baba Yetu, kwa Kifaransa, aliyoisikia kwa mkewe kila walipokwenda kulala. Alifika katikati akakwama. Hatukuweza kumsaidia, hakuna kati yetu aliyeijua. Akaanza tena mwanzo, akakwama pale pale, tukafukia.

Julai mji ulipochukuliwa, kinyozi alikuwa ameshakimbia na sikumwona tena. Askari wapya walipita wanauliza mambo, na siku moja walisimama na kile kibao, wanauliza kimeandikwa na nani. Mdogo wangu alitoka ndani akasema, "Mimi."  Walimchukua. Nilikwenda mimi kueleza, kama yeye alivyokwenda kueleza mwaka 1990, na nikaeleza yote, dari, kikohozi, na ile amri ya kuandika kubwa. Ofisa wa kike, aliyekulia Uganda, alinisikiliza hadi mwisho akiandika. Akaniambia anaamini kuhusu dari, kwa sababu wanawake wawili wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kusema. Kuhusu ukubwa wa herufi, alisema, hawezi kuandika kitu. Walimwachia baada ya wiki tatu.

Alirudi akawa anapaka kuta chokaa. Kazi ilikuwapo nyingi, watu walitaka kufunika madoa. Ukuta wa kinyozi aliufunika yeye mwenyewe, kwa kuajiriwa na mpangaji mpya, mikono mitatu ya chokaa kwa sababu masizi yalikuwa yanarudi juu. Nilipita siku hiyo nikamwona. Alikuwa anafanya kama ukuta mwingine wowote.

Wakati wa msukosuko tulichoma karatasi zote za wifi, kitambulisho na picha mbili za pasipoti, ili zisimponze. Kwa hiyo hatukubaki na sura yake. Jambo hili lilimkaa mama rohoni kuliko nilivyodhani. Mwezi wa Septemba, mdogo wangu akiwa anakula, mama alimwambia amchore mkewe.

"Uso," alisema. "Dhambi nitaibeba mimi."

Mdogo wangu alimtazama kama asiyemwelewa. Lakini alikwenda akatafuta penseli na karatasi, akakaa kwenye mwanga wa mlango. Siku hiyo, na iliyofuata, na siku nyingi baadaye, nilimwona anachora na kufuta. Alimjua wifi mabega yake, alijua kila mkunjo kwenye kiwiko chake, jinsi anavyoegemea mguu wa kulia akichoka. Uso hakuwa ameufanyia mazoezi maisha yake yote. Macho yalitoka ya mtu mwingine, mdomo ukatoka wa kwangu. Mara moja alikaribia. Mama alishika karatasi, akasema ni yeye, kisha akaigeuza geuza, akasema hapana. Mdogo wangu alianza kuogopa kwamba kila anapokosea anazidi kuufuta uso aliobaki nao kichwani. Alikuja kunieleza hivyo barazani, mikono yake ina chokaa kwenye kucha.

"Dada, jana nilijaribu kumkumbuka bila karatasi, nikakumbuka michoro yangu."

Mama hakumwomba tena.

Novemba aliamua kwenda Tanzania. Tulikuwa na jamaa wa baba huko, na alisema anataka kufanya kazi mahali ambapo hajui nani aliishi nyumba gani. Nilimsindikiza Nyabugogo. Stendi ilikuwa imejaa wanaorudi, watu waliozaliwa uhamishoni wakishusha magodoro na mbuzi, wanauliza njia kwa Kiswahili cha kila namna, na yeye alikuwa karibu peke yake anayeondoka. Hakuwa na mzigo ila mfuko mmoja wa nguo. Nilimpa mikate na mayai ya kuchemsha. Nilitaka kumuuliza atarudi lini, nikamuuliza kama amechukua sweta.

"Nisipoandika," alisema, "usidhani nimekufa. Ni kwamba sina la kusema."

Aliandika mara mbili. Anapaka nyumba, alisema, na ziwa ni kubwa. Tangu hapo ni salamu za madereva.

Siku ile nilipotoka Nyabugogo nilimkuta mteja ananisubiri barazani, mama mmoja mgeni, aliyerudi kutoka Kampala na mabinti wawili. Walikuwa wamepanga nyumba ya nyuma yetu. Shule zilikuwa zimefunguliwa na watoto walitakiwa sare. Nilikwenda kuchukua futi ya kupimia, na yeye, akitazama uani kwa urafiki, akaniuliza kwa nini kile kipande chini ya kamba ya nguo sikukipanda kitu, ardhi inaonekana nzuri, hata sukumawiki ingeota.

Nilimwambia kuna nani pale.

Aliweka mkoba wake chini, akaketi sakafuni pale barazani. Mabinti walimwangalia, nao wakaketi, mmoja kila upande. Nikapiga magoti, nikaanza kuwapima mabega hivyo hivyo walivyokaa.